Njia ya Sikukuu: Kutoka Jambiani hadi Hurumzi

Mzee wa Jambiani akitaka kukwambia lini vuli itaingia, hatumii kalenda moja. Anao mwezi mwandamo unaompa Ramadhani, Idi mbili na Maulidi. Anazo tarehe za serikali, za shule na mishahara. Na anayo hesabu ya tatu, ya miongo, inayoanzia siku ya Nairuzi na kwenda kumi kumi mpaka zitimie siku 365. Kwa karne nyingi mkulima wa muhogo na mvuvi wa kusini mwa Unguja waliitegemea hii ya tatu kuliko zote, maana mwezi mwandamo huhama misimu, na tarehe za serikali zilikuwa bado hazijafika. Ndiyo sababu habari ya sikukuu za Wahindi wa Zanzibar naianzia huku pwani ya mashariki, ingawa wengi huitafuta Mjini tu, katika vichochoro vya Hurumzi na Kiponda.

Ukishika pwani kutoka Jambiani kuelekea kusini utafika Makunduchi, na kila Julai Makunduchi wanakoga mwaka. Asiyewahi kuona hushtuka: wanaume wazima, mafungu mawili, wanatandikana kwa mabua ya migomba mpaka wachoke, na kila pigo linaondoa kinyongo cha mwaka uliopita. Kando yao kimesimama kibanda cha makuti. Mtu huingia ndani, kibanda kinatiwa moto, naye huchopoka upande wa pili akakimbilia vichakani, na wazee huangalia moshi umeelemea wapi. Wanawake wanazunguka kwa nyimbo, kila mmoja na doti mpya ya kanga. Zamani majiko yote yalizimwa kabla ya siku hiyo, na moto mpya ukawashwa mwaka mpya. Nyumba isiyopata mgeni wa kula naye huona imepungukiwa.

Siku hiyo ndiyo Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi, na watu wa kusini mwa Unguja hujihesabu kuwa Washirazi. Hoja ya nasaba wanaibishania wanahistoria, na wataendelea. Ila pale Kizimkazi Dimbani, si mbali na hapa, msikiti una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mawasiliano ya pwani hii na upande ule wa bahari ni ya kale sana, na hesabu ya mwaka ni miongoni mwa vitu vilivyovuka.

Sasa chukua watu wengine waliotoka Uajemi huohuo kwa njia nyingine. Waparsi, wafuasi wa Zarathustra, walihamia Gujarat baada ya Uislamu kuenea kwao, wakaishi India zaidi ya miaka elfu. Katika karne ya 19 baadhi yao wakaja Zanzibar kama makarani, wahandisi na wafanyabiashara, wakajenga hekalu lao la moto. Walikuja na mwaka wao wa siku 365, usio na siku ya nyongeza kila mwaka wa nne. Mwaka wa namna hiyo hurudi nyuma. Katikati ya karne ya 19 Nairuzi ya pwani yetu iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo inaangukia Julai. Piga hesabu: siku moja kila miaka minne ni siku 40 kwa miaka 160, na ndio umbali uliopo kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Julai. Waparsi wenyewe wamegawika makundi mawili tangu karne ya 18 kwa ajili ya hesabu hiyo. Wengi wao huadhimisha mwaka mpya katikati ya Agosti, na wachache, wanaoitwa Kadmi, huadhimisha mwezi mmoja kabla, katika Julai hiyohiyo ya Makunduchi.

Sisemi Waparsi ndio walioleta Nairuzi. Ilikuwapo kusini mwa kisiwa kabla ya Mparsi wa kwanza kushuka bandarini. Ninachosema ni kwamba familia ya Kiparsi iliyokaa Shangani, Mjini, na familia ya mvuvi wa Makunduchi zilikuwa na mwaka mmoja wa asili, zikiuheshimu kwa moto na kwa maji, katika kisiwa ambacho ukikivuka kwa mapana ni mwendo wa siku moja tu. Bomi Bulsara, keshia wa Mahakama Kuu ya Zanzibar, alikuwa Mparsi wa namna hiyo. Mwanawe Farrokh, aliyezaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Wageni humiminika kupiga picha mlangoni mwa nyumba inayosemekana ilikuwa yao, na sijawahi kusikia mwongoza watalii hata mmoja akiwaambia habari ya Makunduchi.

Njia ya kwenda Mjini leo ni ya lami. Gari namba 309 inatoka Jambiani, inapita Paje, Kitogani, Jozani na Tunguu, na kabla ya adhuhuri umefika. Kabla ya magari watu walikwenda kwa miguu, mzigo ukibebwa na punda, na wengine walizunguka kwa vyombo wakiuvizia upepo. Mzigo wenyewe ulikuwa wa pwani: samaki wakavu, chokaa, mbata, na kamba za usumba. Kamba hizo bado zinasukwa Jambiani. Wanawake hufukia makumbi ya nazi mchangani, mahali maji yanapojaa na kupwa, wakayaacha miezi mpaka yaoze. Kisha huyafukua, huyaponda kwa gongo, huziosha nyuzi na kuzisokota mapajani. Kijiji kizima hunuka makumbi siku ya kufukua. Mzigo ulifika kwa mnunuzi, na mara nyingi mnunuzi alikuwa Mhindi, au mtu aliyekopeshwa na Mhindi. Fedha ikarudi shamba kwa sura ya sukari, mchele, mafuta ya taa na nguo. Sikukuu ya shamba, kwa hiyo, ilianza dukani: hapakuwa na Idi bila kanga mpya, wala kanga mpya bila safari ya Mjini.

Na mwenye duka naye alikuwa na sikukuu yake.

Wahindu tuliowazoea kwa jina la Banyani walikuja na kaskazi kutoka Kachchh na Kathiawar, kutoka bandari za Mandvi na Porbandar, kati ya Desemba na Machi. Kwao Kachchh mwaka mpya huja na mvua ya kwanza, katikati ya mwaka, bahari ikiwa imefungwa. Mvua zikipungua, mabaharia na wavuvi wa Gujarat hutupa nazi baharini kuomba salama, ndipo vyombo hushushwa tena. Diwali huja Oktoba au Novemba, na kwa mfanyabiashara wa Kigujarati ndiyo mwisho wa mwaka wa hesabu. Wiki chache baadaye kaskazi inaanza kuvuma. Ni kalenda ya watu wa bahari na biashara, na ilishikana na upepo wetu kana kwamba imetungiwa Unguja.

Nyumba ya Jairam Shivji, ya kabila la Bhatia kutoka Kachchh, ilikodi forodha ya Sultani kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Ushuru wa asilimia 5 uliokubaliwa katika mkataba na Marekani wa 1833 ulipitia mikononi mwake. Ladha Damji, wakala wake hapa, alikuwa mtu ambaye msafara wa bara haukuweza kumkwepa. Lakini wakati huo Mhindu aliyevuka bahari alikuja bila mke, kwa sababu ya miiko ya dini na tabaka. Diwali ya Zanzibar katikati ya karne ya 19 ilikuwa Diwali ya wanaume watupu: hakuna mama wa kuchora maua ya unga mlangoni, hakuna dada wa kumpaka kaka alama ya heri kipajini. Wanawake walikuja mwishoni mwa karne. Nafikiri ndipo sikukuu ilipopata nyumba hasa, na watoto, na kelele za fataki, na sinia za ladu na jalebi zinazopelekwa kwa jirani Mwarabu na jirani Mswahili.

Kitu kilichokuwapo tangu mwanzo ni daftari. Ni kitabu kirefu, chembamba, kilichojalidiwa kwa kitambaa chekundu na kushonwa kwa uzi mnene. Siku ya Diwali madaftari mapya huwekwa mbele ya sanamu za Lakshmi na Ganesh. Ukurasa wa kwanza hupakwa unga mwekundu, huchorwa alama ya heri, na neno Shri huandikwa safu kwa safu, moja juu, mawili chini yake, matatu, mpaka liwe umbo la mlima. Juu yake huwekwa jani la tambuu, popoo na sarafu ya fedha. Mzanzibari anaiona tambuu na popoo na kujua yuko kwao, maana ndivyo vilivyokuwa katika sinia ya bibi yake. Baada ya dua duka hufunguliwa upya na deni la kwanza la mwaka huandikwa.

Hapa sitaki kupita kwa kunyata. Madeni yaliyoandikwa katika madaftari yale yalikuwa yetu. Wenye mashamba ya mikarafuu walikopa kabla ya mavuno, wakaweka rehani miti na ardhi, na mvuno mmoja mbaya ulitosha kuwatia kitanzini. Mwaka 1934 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria za kuzuia ardhi isihamie kwa wakopeshaji na kuitia biashara ya karafuu mkononi mwa chama cha wakulima. Wahindi wakaona wanakabwa roho. Mwaka 1937 wafanyabiashara wao wakagoma kununua karafuu, wakaungwa mkono na chama cha Congress kule India, na mgomo haukwisha mpaka 1938. Diwali ya 1937 iliangukia katikati ya mgomo huo. Taa ziliwashwa juu ya maghala yaliyogomewa. Anayetaka kuzipenda sikukuu hizi, nami ni mmoja wao, azipende pamoja na daftari lake.

Nguo nayo ina hadithi yake. Kisutu, kanga ya rangi tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, inayovaliwa na bibi harusi, ina sura ya vitambaa vya Gujarat vya kufungwa vifundo na kutiwa rangi. Mapambo ya korosho, yale yaliyopinda kichwa, ni embe la Kihindi lililokuja kwenye kitambaa na kupewa tunda la huku. Mwanamke wa Jambiani anayevaa kisutu siku ya harusi, au anayejifunga kanga ya korosho kwenda kukoga mwaka, amejipamba kwa urembo uliovuka bahari kwa chombo kilekile kilicholeta daftari jekundu. Haombi ruhusa ya mtu, wala hahitaji. Ni vazi lake.

Kutoka Hurumzi kwenda Kiponda ni hatua chache, lakini hewa inabadilika. Huku wamekaa Makhoja, Wahindi Waislamu. Walioshika imani ya Kiismailia walikuwa na Aga Khan wao, aliyewatolea jumuiya za Afrika Mashariki katiba ya kwanza hapa Zanzibar mwaka 1905. Tharia Topan, tajiri wa karne ya 19, alikuwa wa kundi hilo. Zahanati aliyoiwekea msingi mwaka 1887, kwa jubilei ya Malkia Victoria, bado inapendeza bandarini kwa roshani zake za mbao, ingawa yeye alifariki 1891 kabla haijakwisha. Wengine walijitenga baada ya kesi ya Aga Khan iliyoamuliwa Bombay mwaka 1866, wakawa Ithnaashari, na kwao mwezi mkubwa ni Muharram. Hiyo haiitwi sherehe. Ni maombolezo ya Imamu Husein na watu wake waliouawa Karbala. Nguo ni nyeusi, majlisi husomwa usiku, na usiku wa Ashura msafara hupita katika vichochoro vya Kiponda, vifua vikipigwa kwa pamoja mpaka kuta zikarudisha sauti. Maji na sharubati hutolewa kwa kila apitaye, kwa kuwa Husein alikufa na kiu. Watu wa Mjini wa madhehebu mengine husimama mabarazani kutazama, na wengi wamekulia katika desturi hiyo bila kuiona kuwa ya wageni.

Wagoa, Wahindi waliotoka Goa, walikuwa Wakatoliki, na kengele zao zililia katika Kanisa la Minara Miwili, lililojengwa katika miaka ya 1890. Walikuwa wapiga picha, washonaji, makarani na wapiga muziki. Bendi ya Sultani Sayyid Barghash ilikuwa na wanamuziki wa Kigoa. Unaposikia habari za tarumbeta katika sherehe za kasri ya Sultani, kumbuka pumzi ilikuwa ya nani.

Muziki unanirudisha shamba, kwa njia ambayo kila Mzanzibari anapaswa kujivunia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwaka 1880, mtoto wa watu maskini, akauza vyungu. Alikwenda Mjini, akajifunza, akaimba. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri. Banyani alileta Diwali Zanzibar kwa kaskazi. Siti akaipeleka sauti ya Zanzibar Bombay. Hakuimba Kiswahili peke yake, na alikaribishwa kuimba katika nyumba za Wahindi matajiri. Baada yake taarabu iliazima tuni za filamu za Kihindi kwa hiari na kwa furaha. Sinema za Mjini, Majestic ya Vuga, Empire, Sultana, zilikuwa sehemu ya Idi kama uwanja wa Mnazi Mmoja. Watu walivaa nguo mpya wakaenda kumtazama Raj Kapoor. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ambako Mswahili, Mwarabu na Mhindi walilia pamoja gizani juu ya mapenzi ya *Awaara*, filamu ya 1951.

Sensa ya 1948 ilihesabu watu wa asili ya Kihindi wapatao 15,000 katika visiwa vyote, na wengi wao waliishi Mjini. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Wako waliouawa, wengi wakanyang'anywa mali, na katika miaka iliyofuata wengi zaidi wakaondoka kimyakimya. Mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Uajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, na hofu ikaingia katika kila nyumba iliyokuwa na binti. Familia ya Bulsara ilikuwa imekwisha kwenda Uingereza mwaka 1964. Familia nyingine zilihamia Dar es Salaam, nyingine London, Leicester na Toronto. Nyumba zao zikapewa watu wengine, nao wakaingia na mikeka yao na mabanda yao ya kuku uani. Simlaumu aliyetoka chumba kimoja cha Ng'ambo akapewa ghorofa ya Kiponda. Lakini naona uchungu kwamba nyumba zilizojua usiku wa taa zilikaa miaka bila mtu wa kuwaambia watoto usiku ule ulikuwaje.

Walioondoka hawakwenda mikono mitupu. Belgrave Road ya Leicester, mtaa uliojaa Wagujarati wa Afrika Mashariki, huwasha taa za Diwali zinazohesabiwa miongoni mwa kubwa kabisa nje ya India, na maelfu hujaa barabarani. Ukikaa mezani kwa watu hao utaletewa muhogo. Wanauita mogo, wanaukaanga na pilipili na ndimu, wanauona ni chakula chao kabisa, na mgeni aliyetoka India moja kwa moja huuliza ni kitu gani hiki. Bibi zao hawakuujua Gujarat. Waliujua hapa, kwa muhogo uliolimwa katika ardhi ya mawe kama ya Jambiani, ambayo haikubali mazao mengi lakini muhogo inaupokea. Makhoja wa Stanmore, kaskazini mwa London, wanaongea Kikachchhi chenye Kiswahili ndani yake, na Muharram inapofika wanakaa majlisi wakisikiliza habari za Karbala kama zilivyosikilizwa Kiponda.

Hurumzi lipo hekalu la Shiv Shakti, na Wahindu waliobaki bado huliendea. Usiku wa Diwali utaona vijitaa vya udongo kwenye ngazi na mabaraza ya nyumba chache, na watoto wa mtaa, Waislamu karibu wote, wakingojea fataki na peremende kama walivyongojea babu zao. Jumuiya ni ndogo. Imepungua kwa muda mrefu, na kuna miaka nilidhani itakwisha.

Sidhani hivyo tena. Tarehe 6 Novemba 2023, Rais Hussein Ali Mwinyi alizindua Bweleo kampasi ya IIT Madras, ya kwanza kwa vyuo hivyo kufunguliwa nje ya India. Bweleo iko upande uleule wa Fumba alikozaliwa Siti. Wakaja walimu na wanafunzi kutoka India, kwa ndege safari hii, na wanafunzi wa Zanzibar na Tanzania Bara wakaketi nao darasa moja kusoma sayansi ya data. Siku sita baada ya uzinduzi, tarehe 12 Novemba, ilikuwa Diwali.